Unywele wa Mama Mutua na Rafu ya Vitabu vya Maajabu

Nimekaa nyumbani tangu mvua zilizopita, na wale wasichana wawili walioachiwa ufunguo wa maktaba hawajaniacha nipumzike. Leo simu ni ya gundi. Kesho ni mzazi anapiga kelele pale mezani. Keshokutwa ni mtoto amesimama mbele ya rafu na hataki chochote. Nimechoka kueleza kwa simu huku mbuzi wananikatia kamba, kwa hivyo nimekaa nikaandika. Shule niliachia darasa la nne. Mjukuu wangu ndiye amepiga chapa, na nimemkataza kupamba.

Nyinyi wawili mnaniuliza sana kuhusu Mumbua, yule msichana wa gredi ya sita aliyebaki kidogo tu aondolewe kwao kwa sababu ya kitabu nilichompa mimi. Nitafika kwake. Lakini kesi hiyo hamwezi kuielewa kama hamjui tulivyokuwa tukifanya kazi, kwa hivyo tulieni nianzie mwanzo. Ya vyeo na mshahara siandiki. Hayo mtayajua wenyewe na hayatawachosha.

Niliingia maktaba nikiwa na ndoo na ufagio. Ilikuwa imetoka tu kuwa stoo ya nafaka nyuma ya soko la Masii, na kila nikifagia nilikuwa nikipata punje za mahindi chini ya rafu. Mwenye kuianzisha alikuwa Mwalimu Kioko, amestaafu, mtu mrefu wa kukohoa, aliyekuwa amezunguka makanisani na kwa marafiki akiomba vitabu vya watoto. Vilikuja kwa maboksi. Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Mama, usipige vitabu maji." Mimi nilikuwa tayari nimelowesha kitambaa. Tulielewana tangu siku hiyo, kwa sababu alisema mapema.

Kazi ya kuwachagulia watoto vitabu hakuna aliyenipa. Saa ya watoto kutoka shule ilikuwa ndiyo saa ya Mwalimu kunywa chai hotelini, na Mwalimu hakuwa mtu wa kuacha chai ipoe. Basi msichana mmoja akaniuliza, "Susu, ni gani kizuri?" Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba, na watoto wote waliniita hivyo hata kabla sijapata mvi za kutosha. Nikaangalia. Nikampa kimoja kilichochorwa simba juu. Kesho yake alikirudisha.

"Susu, ndani hakuna simba."

"Hakuna kabisa?"

"Ni watu wanaongea kwenye meli mpaka mwisho."

Aliniangalia vile mtu anavyomwangalia muuza maziwa aliyeongeza maji. Nikamweleza Mwalimu, nikamwambia mimi siwezi kusoma vitabu vyote hivi, nasoma kwa kidole na jioni niko na mifugo. Akanijibu, "Usisome. Mwambie kila anayerudisha akae akusimulie." Nikapata kigoda, nikakiweka kando ya meza, na tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyerudisha kitabu bila kukaa hapo. Ndivyo nilivyovijua vitabu. Baadaye nilianza kuvisoma mwenyewe, pole pole, lakini vingi nilivijua kwa midomo ya watoto kwanza.

Mwanzoni walikuwa wananichosha. Mtoto anakaa, anakunja mikono, anaanza: "Kitabu kinasema kulikuwa na mvulana." Sauti kama ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Siku moja nikamkatiza mmoja. Nikamwambia, sikuulizi kitabu kinasema nini. Ingia ndani. Niambie kama ni wewe uliyefukuzwa. Akaanza, "Nilikuwa nimejificha kwa shimo la mchanga, nikasikia viatu vyao juu yangu," na mimi mwenyewe nikaacha kukunja magazeti. Hiyo ikawa sheria ya kigoda. Kuingia ndani. Na mtajua haraka ni nani amesoma na ni nani ameangalia tu picha ya mbele, kwa sababu aliyesoma atawaambia kiatu kilimbana wapi.

Vifaa ni vichache. Gundi nzuri, ile nyeupe, si ya unga. Sindano ya magunia na uzi mgumu kwa kitabu kilichovunjika mgongo; toboeni na msumari kwanza msije mkajidunga. Kitambaa kikavu. Tepu za rangi: nyekundu ni safari na hatari, bluu ni maajabu, nyeusi ni mafumbo ya wizi na waliopotea. Mwalimu alitaka kuvipanga kwa majina ya waandishi. Nikamuuliza ni mtoto gani alishawahi kuja akauliza jina la mwandishi. Akanunua tepu.

Na mlango wa nyuma ufungwe siku ya soko. Mbuzi mmoja wa mnada aliingia akala kurasa za mwisho za kitabu cha mafumbo, kile cha kengele ya shule iliyoibwa. Hatukukitupa. Kilikaa miaka mingi bila mwisho, na kila aliyekisoma ilibidi anikalie kigodani aniambie mwizi ni nani na amejuaje. Wengi walisema ni mlinzi. Msichana mmoja alisema ni mwalimu mkuu, akanitolea sababu, nikamwangalia mwalimu mkuu wa shule yao kwa jicho lingine mpaka alipohamishwa. Kilikuwa kitabu kilichoazimwa kuliko vyote.

Kuhusu kumchagulia mtoto. Msimuulize umri, na darasa pia msiulize. Muulizeni amekuja na nani na atarudi nyumbani kufanya nini. Anayebishana na wenzake mlangoni mpeni fumbo, apate wa kubishana naye asiyejibu. Anayechunga mifugo siku za Jumamosi msimpe kitabu cha mifugo, huo ni ujinga, hizo ng'ombe anazijua. Mpeni cha bahari, cha theluji, cha kitu hajawahi kukanyaga. Anayesema hapendi kusoma mpeni kile ambacho mtu yuko taabani kabla hujafungua ukurasa wa pili. Na mtoto akiwaambia anataka kizuri, msianze kusifu. Mimi nilikuwa nawaambia, "Vizuri vyote vimeazimwa. Vimebaki vibaya. Unataka kibaya cha aina gani?" Hapo anacheka, na akicheka anasema ukweli.

Mwalimu Kioko alifariki, Mungu amrehemu, na nikabaki na vijana wa kujitolea waliokuwa wakija na kuondoka. Miaka yangu ya mwisho ndiyo akaja Mumbua.

Mumbua alitoka upande wa Mwala. Mama yake alifariki yeye akiwa wa kubebwa mgongoni, akalelewa na Mama Mutua, ambaye ni nyanya yake, mama wa baba. Mtoto huyo alikuwa mtu mzima mwenye mwili mdogo. Alichota maji kwa punda, alipika, aliwaogesha watoto wa ami yake, na akija maktaba aliuliza kitabu chenye mafunzo. Nikamwambia mafunzo unayo ya kutosha. Nikaenda rafu ya bluu nikamtolea kile cha msichana anayepaa.

Lazima niwaambie kinavyokwenda, maana kesi iko hapo. Kaka wa huyo msichana amechukuliwa na upepo. Si upepo wa kawaida, huu una mfalme na una nyumba. Msichana anagundua kwamba akinyofoa unywele mmoja wa nyanya yake aliyelala, akaufunga kidoleni, anaweza kupaa juu ya mapaa ya kijiji na kumfuata kaka yake. Unywele ukikatika, anaanguka. Ni kitabu kizuri. Mumbua alikisoma nusu kwa siku chache, na jioni, akisubiri maji yachemke, akaanza kuwasimulia wale watoto wa ami yake jikoni. Akawasimulia vile nilivyomfunza. Aliingia ndani.

Nje ya dirisha la jikoni, Mama Mutua alikuwa ameketi akichambua mbaazi, na kichwa kilikuwa kinamuuma tangu jana yake. Akasikia mjukuu wake akisema kwa sauti ya chini, "Susu alikuwa amelala. Nikanyofoa unywele wake mmoja, nikaufunga kidoleni, nikapaa juu ya mabati, na hakuna aliyeniona."

Jumatatu Mutua, baba yake Mumbua, aliingia maktaba akiwa ameshika kitabu kwa vidole viwili, kimefungwa gazeti kama panya aliyekufa.

"Mama, mimi nakuheshimu," akasema.

Mtu akianza hivyo, weka kikombe chini.

"Sema, Mutua."

"Hiki kitabu kimevunja nyumba yangu."

"Ukurasa gani?"

"Sijakifungua."

"Basi umejua aje?"

"Mama anajua."

Akaniambia yote. Mama yake alikuwa amehamisha kitanda hadi kwa nyumba ya ami. Chakula alichopika Mumbua hakuna aliyekigusa. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuwa wamekuja kuomba na walikuwa wameondoka wakiangalia nyuma. Jumapili, Mutua atampeleka mtoto Mlolongo kwa ndugu yake, anayeishi chumba kimoja karibu na machimbo ya mawe, akamsaidie mke wa huyo ndugu na mtoto wao mchanga.

"Na shule?" nikamuuliza.

"Shule tutaona."

Hiyo "tutaona" ya shule ya msichana mimi naijua. Niliambiwa hiyo hiyo nikiwa darasa la nne.

"Mtoto mwenyewe anasema nini?"

"Hasemi kitu. Akiulizwa analia. Mama anasema mwenye makosa ndiye hulia."

Mlio wageni huku muelewe jambo moja. Kwetu neno uchawi halichezewi. Likishamshika mtu, hata akiwa mtoto, linamfuata mpaka aolewe na linamngojea huko. Mumbua akiondoka Jumapili kwa sababu hiyo, hata akirudi baada ya mwaka, atarudi akiwa yule aliyeondolewa. Kwa hivyo sikubishana na Mutua pale mezani. Mwanamume aliyetumwa na mama yake humbadilishi mezani. Nikamwambia tu, "Mwambie mama yako Jumamosi nitakuja kumtembelea." Kitabu nikakifungua gazeti, nikakipangusa, nikakiweka kiondoni.

Kuna kijana wa kujitolea aliyenishauri niache watoto waanze tena kusimulia kwa "kitabu kinasema", kuepusha maneno. Nikamwambia kama anataka matangazo ya kanisa aende kanisani.

Jumamosi nikanunua sukari na majani ya chai, kwa maana huendi kwa mtu mikono mitupu hata kama mna kesi, nikapanda boda boda. Nilimkuta Mama Mutua kwenye kivuli cha nyumba, na ungo wa mbaazi mapajani. Kichwa alikuwa amekifunga vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine.

"Karibu," akasema bila kuinua macho. "Ama umekuja kuchukua nywele zilizobaki?"

"Zako ni chache, Mama Mutua. Hazinifikishi hata Masii."

Akaniangalia. Mimi na yeye ni rika moja, hakuna wa kumwogopa mwenzake. Akasukuma kigoda kwa mguu, nikaketi, nikachukua konzi ya mbaazi nikaanza kuchambua. Mutua alikuwa amesimama karibu na mlango. Hapo mlangoni palikuwa na mfuko wa nguo, umefungwa tayari.

"Kichwa kinaendeleaje?" nikauliza.

"Kimepoa tangu nihame. Jijibu mwenyewe."

"Na mtoto yuko wapi?"

"Jikoni. Anajipikia."

Nikasema nilichokuja kusema. "Mama Mutua, hii ni kesi, na kesi haiamuliwi na mtu aliyesikia kipande kupitia dirisha. Mwache mtoto asimulie yote hapa mbele yako. Akimaliza, uamue. Ukisema aende, mimi mwenyewe nitambebea huo mfuko hadi barabarani."

"Na akipaa hapa mbele yangu?"

"Utamshika mguu."

Mutua alikohoa, na kikohozi hicho hakikuwa cha kifua. Mama yake akamtupia jicho. Kisha akaita, "Wewe! Toka huko!"

Mumbua alitoka akiwa amepungua. Akasimama mbali, mikono nyuma. Nikamwambia asimulie kile kitabu. Akaanza: "Kitabu kinasema kulikuwa na msichana, na kaka yake akachukuliwa na—"

"Hiyo siyo," Mama Mutua akasema. "Niliyoisikia mimi ilikuwa na roho ndani. Hii ni ya kunifunga macho."

Hapo niliogopa, sitaki kuwadanganya. Mtoto akiendelea hivyo, nyanya yake ataona anaficha. Akisimulia kwa njia ya kigoda, atasema mwenyewe kwa mdomo wake, mbele ya baba yake, kwamba alinyofoa unywele akapaa. Nikachagua.

"Mumbua. Ingia ndani."

"Susu, nitapigwa."

"Hutapigwa nikiwa hapa. Ingia."

Akafumba macho. "Nilikuwa nimelala karibu na Susu," akasema, "na upepo ukapiga mlango mara moja tu, kama mtu anayebisha. Kitanda cha kaka yangu kilikuwa na joto lakini hakikuwa na mtu." Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikapata njia yake. Watoto wa ami walijitokeza nyuma ya nyumba wakakaa chini bila kuitwa. Akafika kwa unywele. Mama Mutua akashika vitambaa vyake kwa mkono mmoja, na ule mwingine ukaacha mbaazi.

"Nikaunyofoa. Nikaufunga kidoleni. Nikapaa, nikapita juu ya mabati, juu ya boma la jirani, juu ya mto—"

"Ngoja," akasema Mama Mutua. "Na mbwa?"

"Mbwa gani, Susu?"

"Mbwa wa hilo boma la jirani. Walikuwa wapi?"

"Kitabu hakijasema."

"Hakuna mbwa anaona mtu anapita juu ya mabati akanyamaza. Huyo aliyeandika hajafuga mbwa. Endelea."

Mumbua akaendelea. Hakufika mbali.

"Alifunga kidole cha mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na anashikilia nini huko juu, na mkono mmoja una kazi?"

"Hashikilii kitu, Susu. Anapaa tu."

"Mjinga. Na huyo nyanya yake ni mjinga zaidi. Mtu ananyofoa unywele wako na wewe umelala tu kama gunia? Mimi mtu angenigusa unywele mmoja ningeamka."

Mimi nilikuwa na maneno, lakini nikayameza, kwa sababu hayo hayakuwa yangu kusema. Mutua akasogea kutoka mlangoni.

"Mwaitu," akasema polepole. Mwaitu ndiyo mama. "Na wewe, usiku ule kichwa kilipoanza, uliamka?"

Mama Mutua akaangalia ungo. Akachambua mbaazi moja, akaitupa upande usiofaa.

"Mimi sikulala usiku huo," akasema. "Kichwa kilikuwa kinauma."

"Hukulala kabisa?"

"Nimesema sikulala! Kwani lazima useme kila kitu mara mbili?" Kisha akamgeukia mtoto, na nilisikia hasira imebadilisha njia. "Halafu? Umeniachia mtu angani. Akafika kwa huo mfalme?"

"Alifika mlangoni, Susu. Akamsikia kaka yake akiimba ndani. Na unywele ulikuwa umeanza kukatika, umebaki uzi mdogo."

"Halafu?"

"Sijui."

"Hujui aje?"

"Baba alichukua kitabu."

Mama Mutua akamwangalia mwanawe kana kwamba ni yeye aliyekata huo unywele. Nikatoa kitabu kiondoni, nikampa Mama Mutua kwanza, si mtoto. Yeye hasomi. Akakigeuza, akakinusa, akakifungua katikati.

"Nionyeshe pale pameandikwa amenyofoa."

Nikamtafutia, nikaweka kidole changu chini ya mstari. Akaweka chake juu ya changu. Akamwita Mutua asome, Mutua akasoma kwa sauti, neno kwa neno, na yalikuwa maneno yale yale mama yake aliyoyasikia dirishani. Mama Mutua akaniuliza, "Na hii iko hapa tangu lini?"

"Kabla Mumbua hajazaliwa."

Mimi niliendelea na mbaazi. Watu kama sisi hatusemi samahani kwa mtoto mbele ya mgeni, na sikumngojea aseme. Alichofanya ni kukishika kitabu akampa Mumbua, akamwonyesha mkeka kwa kidevu. Mumbua akaketi, akafungua pale mlangoni kwa mfalme wa upepo, akasoma. Tulimaliza mbaazi zote. Hakuna aliyekumbuka chai mpaka jua likawa limelala juu ya vilima, na mwisho wa kitabu ulikuwa bado.

Mutua ndiye aliyeuliza, maana lazima mtu angeuliza. "Mwaitu, ndugu yangu anangoja nimpigie. Nimwambie kesho tunakuja?"

"Nani anakuja?"

"Mimi na Mumbua."

"Na hapa nani atanisomea? Wewe? Wewe umewahi kunisomea hata karatasi ya dawa?" Akapiga mfuko wa nguo kwa ncha ya kiatu. "Ondoa hiki kitu mlangoni, watu wataanguka. Na huo mkeka uende kwa nyumba yangu. Kitanda changu pia. Huko kwa ami kuna kunguni."

Mutua akabeba mfuko ndani. Kwa haraka, nilivyoona.

Jioni hiyo Mumbua alisonga ugali, na Mama Mutua akamega wa kwanza kabla ya mtu yeyote, mbele ya watoto, mbele yangu, na mbele ya jirani aliyekuwa amekuja kuazima chumvi ambayo nina hakika alikuwa nayo kwake. Habari hiyo ilifika Masii kabla yangu.

Kisha Mama Mutua akanisindikiza hadi barabarani, kama inavyotakiwa. Alikuwa amefungua kitambaa kimoja, kimebaki kimoja. Tulitembea hadi kwa ua wa mikonge.

"Hapo kwenu mko na vingine?" akauliza.

"Tuko navyo."

"Visiwe vya kupaa. Mimi nataka cha mwizi. Mwizi anayeshikwa."

"Nitampa Mumbua akuletee."

Boda boda ilikuwa inakuja, tuliona taa yake. Akanishika mkono wa gauni.

"Huyo msichana wa upepo," akasema. "Unywele unakatika ama haukatiki?"

"Mama Mutua."

"Wewe umekisoma."

"Nimekisoma."

"Basi sema, nilale."

"Kitabu kiko kwako," nikamwambia, "na mwenye kukisoma yuko kwako. Rudi umuulize."

Akaniita jina moja la Kikamba ambalo mjukuu wangu amekataa kulipiga chapa, akageuka, akarudi nyumbani kwa hatua za haraka.